Ngina na Cheti cha Miaka Mitatu

Ngina wa Waithera alikuwa mpokea simu katika duka la jumla la mabomba na masinki huko Parklands, na kwa muda mrefu sauti yake ndiyo iliyokuwa mlango wa duka hilo. Mwanzoni mwa mwaka wa 2004 mwenye duka, Bwana Navnit, alimwita akamwambia kwamba wangehamia jengo jipya likikamilika, na huko swichibodi, ule mtambo wake wa kuunganishia simu, haingekuwapo. Simu na kompyuta zingepita kwenye waya mmoja.

"Huko mtu ya kupokea simu hakuna, Ngina," alisema. "Lakini mtu ya kuangalia mtandao lazima iko. Mimi sitaki kuleta mgeni. Wewe enda soma, lete ile cheti ya CCNA kabla tuhame. Kiti ni yako."

"Cheti tu, bosi?"

"Cheti tu. Lakini hiyo yenyewe."

Jumamosi iliyofuata Ngina aliteremka mjini. Juu ya duka la viatu, Moi Avenue, alimkuta mwalimu aitwaye Nzioka katika chumba chenye ruta tatu, mitambo ya kuunganisha mitandao, zilizopangwa kwenye fremu ya chuma, taa zao zikipepesa. Nzioka hakumpa karatasi za kusoma. Alimpa kipande cha waya wa mtandao, plagi mbili na koleo.

"Panga hizo nyuzi kama kwenye picha ile ukutani," akamwambia. "Ukikosea rangi moja tu, hiyo itakuwa kamba ya kuanikia nguo."

Ngina alipanga, akabana, akachomeka. Taa ya kijani ikawaka.

"Ai, mama! Ulikuwa umejificha wapi?" Nzioka akacheka. Kisha akamweleza mambo yalivyo: masomo ya jioni, miezi minane, halafu mtihani unaofanywa kwenye kompyuta. Ukipita unapewa hicho cheti cha CCNA, cha ufundi wa mitandao, kinachotambuliwa popote, nacho hudumu miaka mitatu, kisha unafanya mtihani tena, kwa sababu mitambo nayo hubadilika.

Ngina alirudi nyumbani Uthiru akiwa amekwisha kuchagua kusoma kwa Nzioka. Lakini mkono mtupu haulambwi. Mshahara wake haukutosha karo, na aliyeweza kumsaidia ni Gichuru, kaka ya mama yake, muuza mbao wa Dagoretti Corner. Baba yake Ngina alipofariki, Gichuru ndiye aliyemsomesha hadi kidato cha nne, na tangu hapo hapakuamuliwa jambo zito katika nyumba ile kabla yeye hajavutiwa kiti.

Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akanywa chai, akasikiliza hadi mwisho.

"Cheti," alisema, akiliweka neno hilo mezani kama msumari uliopinda. "Waithera, huyu mtoto wako anataka cheti. Mtu wa fomu four! Si cheti hata watu wa kushona sweta wanapewa?"

"Anko, hiki ni cha aina nyingine. Bosi amekitaja kwa jina."

"Na ati kinakaa muda gani?"

Ngina alitamani kudanganya, ila hakujua namna. "Miaka mitatu."

"Halafu?"

"Halafu nafanya mtihani tena."

Gichuru alimgeukia dadake macho yakimtoka. "Umesikia? Kinaharibika kama maziwa! Mimi nimeoa kwa cheti, nimebatizwa kwa cheti, na hakuna siku padri ameniita nirudie." Waithera akacheka hadi akaweka kikombe chini. Hata Ngina alicheka, na katika kucheka kule akahisi jambo lake linamtoka mikononi. Gichuru akamgeukia Ngina. "Sasa sikiliza, mama. Kuna cheti, kuna diploma, kuna digrii. Hiyo ndiyo ngazi, na ngazi hupandwa. Pale River Road nimeona chuo chenye diploma ya kompyuta, mwaka mmoja na nusu, na mitandao imo ndani. Huyo Mhindi akiomba kikombe nawe umpe birika, atakataa?"

"Lakini Anko..."

"Mimi natoa pesa za diploma. Za cheti, utanisamehe."

Waithera alimtazama bintiye kwa jicho la kusihi. Ngina akasema, "Asante, Anko." Moyoni alijiambia kwamba huenda mzee ana haki. Ngazi ni ngazi.

Basi akasoma. Muhula wa kwanza alifundishwa historia ya kompyuta, wa pili kupiga chapa na hesabu za biashara. Somo la mitandao lilipofika, mwalimu alichora ruta ubaoni kwa chaki, mraba wenye mishale, wao wakanakili. Ngina aliuliza siku moja wataiona lini ruta yenyewe. Akaambiwa imeagizwa. Alitafuta njia ya kumrudia Nzioka, lakini jioni zote zilikuwa za chuo, na mshahara uliishia nyumbani. Mara nyingine, swichibodi ikiwa kimya, vidole vyake vilipanga nyuzi zisizokuwapo.

Siku ya mahafali Gichuru alichinja mbuzi. Ngina alivaa joho na kofia, akapigwa picha katikati ya mama na mjomba.

Jumatatu alibeba diploma hadi Parklands. Jengo jipya lilikuwa tayari linapakwa rangi. Bwana Navnit alimwita Alkarim, fundi aliyepewa kazi ya kufunga mtandao, naye akaisoma karatasi ile polepole, kwa heshima.

"Hongera, dada. Na CCNA?"

"Nyumbani waliona diploma ni kubwa zaidi."

Alkarim hakucheka. Afadhali angecheka. "Umewahi kuandaa ruta kwa mkono wako?"

"Kwenye ubao."

"Ubao gani?"

"Wa chaki."

Bwana Navnit alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Ngina, mimi alikwambia. Hiyo yenyewe."

"Ulisema, bosi."

"Sasa mtu ya Alkarim iko tayari. Muchiri. Ana hiyo cheti." Alitazama pembeni. "Swichibodi inazima mwisho wa mwezi. Mimi nitaandika barua nzuri, sema wewe mtu ya kuaminika."

Jioni ile Ngina hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alishuka Dagoretti Corner, akamkuta Gichuru akipima mbao, akamweleza yote bila kumlaumu. Mzee aliketi juu ya rundo la mbao. Kwa kitambo alionekana mtu aliyeumia kweli, na Ngina akangoja, akidhani labda sasa atasema, haya, nenda kwa yule mwalimu wako.

"Wamekukataa na diploma?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo, Anko."

"Basi nimeona kosa letu." Akamshika bega kwa upole. "Tulisimama katikati ya ngazi. Usilie, mama. Kupotea njia ndiko kujua njia. Nipe miaka miwili mitatu niuze hizi mbao, nikutafutie digrii."

Ngina alifungua kinywa, akamtazama mzee alivyochoka, vumbi la mbao likiwa limemjaa kwenye nyusi.

"Asante, Anko," akasema.