Barua ya Mama Seth

Katika kanisa letu dogo la Makadara hakuna aliyejituma kumshinda Everlyne, ambaye sote tulimwita Mama Seth. Vitambaa vya meza ya Bwana alivifua yeye. Wagonjwa aliwatembelea yeye. Msibani alikuwa wa kwanza kuwasha moto na wa mwisho kuosha masufuria, na kila Jumatano hakutia kitu kinywani mpaka jua litue. Siku za kazi alikuwa karani katika ofisi moja ya mizigo kule Kilindini. Akitoka huko, badala ya kwenda kupumzika, hupita kanisani kutafuta la kufanya. Ukimwambia, "Mama Seth, kaa basi," atakaa, kisha utaona vidole vyake vyasokota pindo la kanga.

Jambo moja hatukulitilia maanani. Siku ya ushirika, mkate ukianza kumegwa, yeye hutoka nje. Mara mtoto analia, mara mtungi hauna maji. Kwa miaka mitano mkate ule haukugusa ulimi wake.

Sababu aliijua peke yake. Miaka mitano nyuma, mwalimu wa kwaya, Ngala, alimpa Becky aongoze wimbo wa Pasaka, ambao Everlyne ndiye aliyeuongoza tangu ujana wake. Becky alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwenye sauti safi ya kukufanya ugeuke. Everlyne akatabasamu, akampongeza. Kesho yake akaingia duka la kompyuta, akachapa barua isiyo na jina kwa wazee wa kanisa: kwamba mwalimu, mtu mwenye mke, ameonekana akiingia nyumba ya wageni na Becky. Hakuna aliyeona kitu. Ngala aliapa mpaka sauti ikamkauka, lakini wazee walimsimamisha. Becky akahamia kwa shangazi yake Voi, asirudi tena.

Mwaka huu wazee wakamchagua Mama Seth awe mwenyekiti wa akina mama. Mchungaji Odera akasema mbele ya kikao, "Kama kuna anayestahili, ni huyu." Neno hilo lilimkwama kama mwiba wa samaki. Akainuka, akatoka, akatembea na jua la adhuhuri mpaka Mwembe Tayari, ambako Ngala siku hizi hukata tiketi za mabasi ya bara. Alikipita kibanda mara tatu. Mara ya nne Ngala akamwita mwenyewe.

"Mama Seth! Wasafiri?"

"Sisafiri, Mwalimu. Ile barua niliiandika mimi."

Aliyasema hayo katikati ya foleni, begi la abiria likimsukuma kiunoni. Ngala akaweka kalamu chini. Everlyne alingoja tusi. Hata kofi angelipokea. Badala yake uso wa yule bwana ulisawijika.

"Siye Mzee Kiti wa baraza la wazee?"

"Kiti hakujua lolote."

"Tuligombana juu ya kinanda cha kwaya, nikaamini ni yeye. Alipolazwa alituma watu waniite tuagane, nikakataa. Nikasema afe na uongo wake." Akajifuta uso kwa kiganja. "Akafa, Mama Seth. Nami nilifurahi."

Everlyne alisimama, hajui aweke wapi mikono. "Nikulipe nini, Mwalimu? Niambie, nitafanya."

"Usiniulize mimi. Nina hasira nawe. Na mimi nitamlipa nini Kiti aliye kaburini?" Akamsihi aende zake kabla hajamtolea neno baya.

Jumapili Everlyne akasimama mbele yetu akasema yote, bila kutafuta kisingizio. Kanisa likavuma kama mzinga wa nyuki. Bwana aliyeketi mbele yangu akataka afukuzwe. Uenyekiti ukaondoka palepale, vitambaa akapewa mwingine. Mchungaji Odera, ambaye barua ile ndiye aliyeipokea na kuiamini, alisimama mbele ya meza ya ushirika. Kisha akasema meza ile hakuiandaa yeye wala wazee, na kwamba aliyeiandaa alikufa kwa ajili ya watu wa namna hiyo hasa, basi anayetubu asizuiwe. Wawili wakatoka kwa hasira.

Mkate ukaanza kuzunguka. Mama Seth akainuka kama ada yake, ila safari hii hakuwa na mtoto wala mtungi wa kusingizia. Mwisho wa benchi aliketi Ngala, ambaye hatukumwona alipoingia. Hakuvuta magoti kumpisha.

"Kaa, mama," alimwambia kwa sauti ya chini. "Moyo wangu haujakusamehe wote. Najaribu. Lakini nikingoja mpaka nistahili, mimi nami nitakufa na njaa."

Akakaa. Kipande kikamponyoka, kikaanguka mapajani. Akakiokota, akakila, akalia kilio kisicho na haya, kamasi na machozi pamoja. Hakuna aliyemnyamazisha.

Isidhaniwe kuwa alitulia siku hiyo. Alimpigia Becky simu. Becky akasikiliza mpaka mwisho, akakata simu. Ngala alirudi kwenye kwaya baada ya miezi mitatu, baada ya kwenda Rabai kwa mjane wa Mzee Kiti, na aliyoambiwa huko hajatusimulia. Wakikutana mlangoni baada ya ibada huamkiana vizuri, huulizana hali za nyumbani, kisha husimama pale, kila mmoja akitafuta la kuongeza, mpaka watu wanaotoka wawatenganishe.