Nani Alimsuka Yule Binti wa Filamu?

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu Rehema, kila ninapokusikia ukiimba kanisani. Nilikuwa msichana wa rika lako, mgeni hapa mtaani Yeoville, nikisuka nywele katika saluni ya Maman Riziki, mama wa Bukavu aliyeshuku hata salamu. Ukimwamkia, anakutazama mikononi kwanza.

Adhuhuri ile televisheni ilionyesha filamu ya zamani ya Wamarekani, ya nyimbo na maajabu. Mwigizaji mkuu, binti mzuri ajabu, alipigwa na upepo, akavuka mto, akatokea ng'ambo akiimba. Mikono ikanisimama, machozi yakanilenga. Nilitaka kuwa yeye, sikufichi.

Maman Riziki hata wimbo hakuusikia. "Angalia nywele, mutoto," akasema. "Amepita mu maji, na hazijaharibika. Kuko mutu anamuchanaka, ila hatumuoni. Ni nani? Na anamutakia nini?"

Nikamwona mama asiyependa raha za watu. Lakini wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na yeye siku zote alitaka kumjua muundaji.

Wiki hiyohiyo akaja bwana mmoja, suti imenyooka, maneno laini. Alikuwa amenisikia kwenye kwaya. Alisema anatafuta mwigizaji mkuu wa mchezo wa nyimbo huko Durban, kama filamu zile. Wasichana wengine walikuwa huko tangu miezi mitatu iliyopita, wanakula vizuri, wanalala pazuri. Akatoa picha zao: ufukweni, jukwaani, mezani, kila picha na nguo yake. Alichotaka ni karatasi yangu ya ukimbizi tu, tuondoke jioni ileile. Nilikuwa nimeshafungua pochi.

Maman Riziki akazichukua picha, akazisogeza dirishani, akatazama vichwa.

"Papa, miezi tatu, na musuko ni ule ule? Kwa mizizi hakuna nywele mupya hata kidogo. Izi picha ni za siku moja. Nipe namba ya simu ya kwenye wanalala, niseme nao."

Bwana akasema huko hakuna simu. Akakusanya picha zake, akaahidi kurudi kesho. Hajarudi mpaka leo.

Nilinuna siku nyingi, mwanangu, nikidhani mama kaniharibia riziki. Hasira ilipokwisha ndipo nikaanza kuwawaza wale wasichana. Kila ninaposuka kichwa nisichokijua, bado namtazama mwenyewe usoni, huenda ni mmoja wa wale wa kwenye picha.

Sasa, mwaka huu wa 2018, wewe nawe umepata ujumbe kwenye simu: kuna mtu huko Sandton anakutaka uwe mwigizaji mkuu, uende Jumamosi, peke yako. Hilo neno "peke yako" limeninyima usingizi. Eish, kwa nini peke yako?

Sikukatazi kuimba. Sauti hiyo hukujipa mwenyewe. Ila uliza nani yuko nyuma ya pazia, utalala wapi, na nani alikwenda akarudi. Mwenye nia njema hachukii kuulizwa. Kitambulisho chako kisitoke mkononi mwako. Na Jumamosi tutapanda basi dogo la teksi wote wawili; nitakaa kiti cha nyuma kabisa, chanuo mkobani, nikitazama vichwa.

Mungu akupe sauti ya kufika mbali, mwanangu, na miguu ya kukurudisha nyumbani.