Miwati ya Baba Lwandile

Siku chemchemi ilipokauka, MaBhele hakuelewa mara moja. Aliteremka nyuma ya zizi na ndoo yake kama kawaida, akakuta tope lenye alama za kwato. Akadhani ng'ombe wa watu wamekunywa wakamaliza, akarudi nyumbani kusubiri. Jioni tope lilikuwa limeanza kupasuka.

Chemchemi ile ndiyo iliyomfanya baba mkwe wake ajenge pale, kwenye mbavu za mlima juu ya mji wa Matatiele. Hata mwaka wa ukame mkubwa, ng'ombe walipokufa bonde zima, maji yake yalipungua tu, hayakukatika. Sasa yamekatika, na aliyeyakata alikuwa marehemu mume wake. Hilo MaBhele alilijua, ila kwa muda mrefu hakumwambia mtu.

Alipoletwa pale bibi harusi, mlima ulikuwa nyasi tupu. Kuni zilikuwa mbali kiasi kwamba wanawake walipikia mavi makavu ya ng'ombe, na mama mkwe wake alikuwa na kibonyeo utosini kwa miaka ya kubeba mizigo. Mumewe, ambaye hata leo, kwa heshima ya ukweni, hamtaji kwa jina, kwake ni Baba Lwandile tu, akaleta miche ya miwati kwenye debe kutoka shamba la Mzungu alikokuwa kibarua. Akaipanda mstari mmoja, juu kidogo ya chemchemi.

"Wewe hutatembea siku nzima kutafuta kuni kama mama yangu," alimwambia. "Utatoka na shoka mlangoni, umefika."

Alisema kweli. Miwati ikashika upesi, ikatoa maua ya njano yanayonukia asali, na kabla mwana wao Lwandile hajaanza shule walikuwa na kuni, nguzo za zizi, na boriti za kuezekea msonge wa pili. Wanawake wa kijiji walimwonea wivu. Lakini mbegu za muwati hazikai zilipoangushwa. Zilishuka na maji ya mvua, zikabebwa na kwato. Baba Lwandile alipokufa kwa kifua, akazikwa kando ya zizi kama ilivyo desturi, mstari ulikuwa umeshakuwa kichaka. Lwandile alipokwenda Cape Town kutafuta kazi, kichaka kilikuwa msitu. Kilimeza shamba la mahindi, kikazunguka zizi, na mizizi ikainua saruji ya kaburi upande mmoja.

Mwaka huo huo wa kukauka, binti mmoja wa chama cha kutunza vyanzo vya maji, jina lake Nolubabalo, alikuja kuzungumza barazani kwa chifu. Alisema miwati inakunywa maji ya mlima kabla hayajafika chini. Wanaume wengi walikuwa wakiangalia simu. MaBhele alinyoosha mkono.

"Nikiitoa, maji yanarudi?"

"Mara nyingi yanarudi, mama. Ila inategemea unaitoa vipi."

Binti yule alikuja kwake kesho yake kumwonyesha. Ukiukata muwati na kuuacha hivyo, alisema, kisiki kinachipua. Ukipaka sumu juu ya chemchemi, sumu hiyo utainywa wewe na walio chini yako. Njia ya taratibu ni kuuchuna gome kuuzunguka wote, kuanzia kiunoni mpaka kwenye mizizi, bila kuacha hata ukanda wa upana wa kidole, kisha kuuacha ufe umesimama. Kivuli kinapungua polepole, nyasi zinarudi polepole, udongo haukimbii. Miche midogo unaing'oa kwa mkono baada ya mvua.

"Na moto?" aliuliza Bangilizwe, mdogo wa marehemu, aliyekuwa amekuja kuona mgeni wa shemeji yake ni nani.

"Moto hapana, baba. Mbegu zimelala ardhini miaka na miaka. Joto ndilo linalozipasua. Ukichoma, umezigongea mlango."

Bangilizwe alicheka. Alikuwa mtu mpole, mwenye ng'ombe wachache na goti bovu, na tangu kaka yake afe ndiye aliyemlimia MaBhele bustani na kumwezekea nyumba. Lakini hakupenda jambo hili. MaBhele alipomwomba asimame zizini aseme na mizimu, maana mwanamke aliyeolewa hasimami pale kusema, alisusa siku kadhaa. Mwishowe alikuja, akamimina pombe ya mtama chini, akasema kwa sauti ya kunung'unika:

"Kaka, mkeo anataka kuiua miti yako. Mimi simo. Anasema ni kwa ajili ya maji. Kama una neno, mwambie mwenyewe usiku, usije kwangu."

MaBhele alilala akisubiri. Hakuja mtu. Asubuhi alichukua panga.

Majira ya joto, utomvu ukiwa umepanda, gome la muwati huchunika kama ngozi ya mbuzi aliyechinjwa na fundi. Unalikata kiunoni, unaingiza vidole chini yake, unalivuta mpaka chini, na mti unabaki mweupe na umeloa. Mikono yake ilipata rangi ya kahawia ambayo sabuni haikuiweza. Jirani yake, MaCirha, mwanamke asiyeweza kupita mahali bila kusema, alisimama njiani na mzigo wake kichwani.

"MaBhele, uzee wako umekuwaje? Unaivua miti nguo mchana kweupe?"

"Inaona joto."

"Basi ukimaliza hiyo, njoo kwangu umvue mzee wangu, ana koti hajalitoa tangu Krismasi."

Walicheka wote wawili. MaCirha akatua mzigo, akavuta gome moja, akaipenda ile sauti yake ya kuchanika, akavuta jingine. Baada ya hapo alikuwa akija mara kwa mara, na kuni kavu alizichukua bure.

Muwati haujui kwamba umekufa. Unakaa na majani yake msimu mzima, kisha unaanza kuwa wa njano juu. Miti ya mwanzo kabisa, ile ya mstari, MaBhele aliiacha mpaka mwisho. Alipoifikia alikaa chini ya mmoja siku nzima bila kufanya kitu, na kesho yake akaichuna yote haraka, kama mtu anayetoa mwiba.

Miaka ikapita hivyo. Kila baada ya mvua alipiga magoti na kung'oa miche. Matawi yaliyoanguka aliyapanga kwa kukingama na mteremko, udongo ukakwama nyuma yake, na hapo nyasi zikaanza, kwanza chache kama ndevu za kijana. Juu yake miti ilisimama ya kijivu, mikavu, ikilia upepo ukipita. Bangilizwe alipita akitazama juu.

"Shemeji, hii miti inatisha. Umetujengea makaburi yaliyosimama."

"Itaanguka yenyewe."

"Lini?"

"Ikichoka."

Halafu, mwezi wa Julai mmoja, baridi imekaza na mlima una theluji kileleni, alishuka nyuma ya zizi akakuta jiwe la chemchemi limeloa. Aliweka kiganja. Akakiweka tena kesho yake. Kabla mwezi haujaisha kulikuwa na shimo la maji safi la ukubwa wa sufuria, na chura mmoja. Alikunywa kwa mikono, meno yakamuuma kwa baridi, akabaki amechuchumaa pale akilia kimya kimya, bila kujua anamlilia nani. Siku ile alimpelekea Bangilizwe maji hayo kwenye jagi. Bangilizwe alikunywa yote, akafuta mdomo.

"Ni yenyewe," alisema. "Ladha ya utotoni kwetu." Akamtazama shemeji yake, mgongo uliopinda, vidole visivyonyooka tena. "Umeteseka sana, MaBhele. Imebaki ile miti mikavu tu. Hiyo isikusumbue."

MaBhele hakuyatilia maanani maneno yale.

Agosti, dada yake wa mwisho alifariki huko Mount Fletcher, naye akaenda kuzika. Alikaa na wafiwa mpaka wiki ikaisha. Aliporudi, alishuka barabarani na kupandisha kwa miguu, na kabla hajaona kitu alisikia harufu. Alijiambia watu wanachoma malisho, ni msimu wake. Alipopinda kona akauona mteremko wote mweusi, kutoka kaburini mpaka juu, unatoa moshi mwembamba huku na huku. Msonge wake ulikuwa mzima. Mtu alikuwa ameuzungushia ukanda wa ardhi iliyolimwa, kwa uangalifu mkubwa.

Bangilizwe alikuwa amekaa juu ya ukuta wa zizi, uso masizi matupu, tawi bichi la kuzimia moto bado mkononi. Alipomwona alisimama kwa shida, kwa ajili ya goti lile, akatabasamu.

"Nimekumalizia kazi, shemeji. Nilisema urudi ukute pako peupe."

MaBhele aliutazama mteremko. Alitua mkoba.

"Nililinda nyumba. Nililinda kaburi, tazama. Siku nzima nilikuwa nazunguka na tawi, nusura nife." Akamtazama vizuri. "Kwani vipi?"

"Yule binti alisema nini, Bangilizwe?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita kwa jina.

"Alisema tusichome miti." Tabasamu lilikuwa linamtoka. "Hii ilikuwa imeshakufa. Mti uliokufa ni kuni tu. Kuni hazichomwi?"

Angekuwa mtu mbaya, MaBhele angempigia kelele mpaka kijiji kije. Angekuwa amelewa, angempeleka kwa chifu. Lakini kope zake zilikuwa zimeungua, na alikuwa ameacha ng'ombe wake bila mchungaji ili afanye kazi hii. MaBhele alisema, "Asante, shemeji. Nenda ukanawe." Akaingia ndani akafunga mlango.

Ile miti mikavu, iliyokuwa imekaushwa na jua miaka yote hiyo, iliwaka kuliko msitu mbichi ungeweza kuwaka. Udongo ulikuwa mwekundu kama tofali. Matawi aliyoyapanga yalikuwa majivu yaliyolala kwa mistari. Mvua ya kwanza, Oktoba, ilikuja na mawe, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuizuia, ilishusha majivu na udongo wote kwenye chemchemi. Alichimba kwa sururu akapata tope jeusi. Akachimba tena baada ya mvua ya pili, akapata tope jeusi.

Kisha miwati ikaota. Haikuota kama mwanzo, mche hapa na mche pale. Iliota kama ulezi uliomwagwa na mtu asiyejua kupanda, mteremko mzima ukawa na manyoya ya kijani. Kutoka mbali palipendeza. Watu waliopita walimpongeza kwa nyasi.

Bangilizwe alikuja, akainama, akang'oa mmoja, akautazama kiganjani. Akang'oa mwingine.

"Ni yenyewe?" aliuliza.

"Ni yenyewe."

"Yote?"

MaBhele aliendelea kung'oa. Baada ya kitambo akasikia na yeye anang'oa nyuma yake. Walifanya kazi hivyo mpaka jua likageuka, na walipotazama nyuma, mahali walipopitia palikuwa padogo kama mkeka. Bangilizwe alikuja kesho yake, na siku nyingine nyingi. Goti lilivimba likawa kama kibuyu. Siku moja hakuja, na siku iliyofuata hakuja, na MaBhele alipomwona njiani akipeleka ng'ombe, alikuwa amechukua njia ya chini, ile ndefu, isiyopita kwake.

Lwandile alipiga simu. "Mama, njoo huku. Maji yapo bombani, hapo hapo mlangoni."

"Na baba yako nimwachie nani?"

"Baba amekufa, mama."

"Ndiyo. Ndiyo maana anahitaji mtu."

MaCirha alimsaidia alipoweza. Lakini majira yale ya joto yalikuwa na mvua nyingi, na miche haikungoja. Ile iliyong'olewa ilifuatwa na mingine iliyokuwa chini yake. Kufikia Februari ilikuwa imempita magoti, na mizizi yake ilikuwa imeshuka kiasi kwamba mkono hautoshi. Majirani wakaanza kuchota maji kwenye lori la tangi lililokuja siku lilipojisikia. MaBhele akapanga foleni nao.

Asubuhi moja alitoka na jembe, akasimama ukingoni mwa kijani kile. Akatafuta pa kuanzia. Alitembea upande huu, akatembea upande ule. Bangilizwe alikuwa ng'ambo ya ua, safari hii alishindwa kumkwepa kwa sababu ndama wake alikuwa ameingia upande wa MaBhele.

"Shemeji," alisema, akitazama chini. "Majira ya baridi yakija tutaanza upya. Nitamwambia mwanangu alete vijana wenzake."

"Ndama wako huyo, mchukue."

"Nakwambia tutaanza upya."

"Nimesikia."

"Umenikasirikia?"

MaBhele alifikiri. Alitafuta hasira ndani yake, hakuipata. Angeipata ingemsaidia.

"Sina nguvu za kukukasirikia," alisema. "Wala za hii."

Alilitegemeza jembe kwenye ukuta wa zizi, akaenda kaburini, akang'oa miche iliyokuwa imezunguka saruji, hiyo tu. Ilikuwa kazi ya muda mfupi. Alipomaliza aliingia ndani. Bangilizwe alibaki pale na ndama wake, amemshika sikio, akimsubiri MaBhele atoke tena. Hakutoka.