Walipoupigia Kura Ugonjwa Wangu

Hadi leo nikiona watu wananyoosha mikono kupiga kura, hata ya kumchagua kiranja, roho inanichafuka.

Nina selimundu, ugonjwa wa damu usioelewana na baridi. Ile baridi ya Sumbawanga ya Juni na Julai, ambayo wageni huisimulia wakicheka, mimi huniingia kwenye viungo na kunilaza wodini. Mwaka wangu wa pili chuo cha ualimu nilikosa vipindi vingi kwa sababu hiyo, na asiyefikisha mahudhurio hafanyi mtihani. Cheti cha daktari nikampelekea mkufunzi, tena yule aliyetufundisha malezi na unasihi. Hakukisoma hata mstari mmoja.

"Nikikuruhusu mwenyewe watasema nakupendelea," alisema mbele ya darasa zima. "Darasa liamue. Wanaoona afanye mtihani, mikono juu!"

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wangu ulipigiwa kura.

Nilisimama pale mbele kama mbuzi wa mnadani, nimeshikilia meza, masweta mawili mwilini, magoti yanawaka moto. Watu niliokula nao ugali sinia moja waliangaliana kwanza waone nani atatangulia. Mmoja alikuwa anatafuna karanga. Mikono ikapanda kwa uvivu, ikafika nusu ya darasa, ikapita. Mkufunzi akatabasamu kama bwana harusi.

"Haya binti, washukuru wenzako. Kifipa kabisa!"

Kwetu Chala, kushukuru Kifipa ni kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu. Ni adabu nzuri; bibi alinifundisha niwape watu wazima wanaostahili. Kumpa mla karanga kulinichefua kuliko kura yenyewe. Lakini mtihani niliutaka. Nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikasema asanteni.

Kuinuka nikashindwa. Magoti yalikataa kabisa, nikaangukia ubavu chini ya ubao, na kilio kikanitoka bila kuniomba ruhusa. Wasichana wawili wakaja kuninyanyua, wamenishika makwapani. Mmoja nilikuwa nalala naye chumba kimoja, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono upande wangu. Akamgeukia mwenzake.

"He! Kumbe anaumwa kweli," akasema.