Gauni Lililokwisha Kuonekana

Siku hizi wateja wa Mama Pindo hawaleti nguo zilizochanika. Wanaleta nguo nzima kabisa, zenye kosa moja tu: zimeshapigwa picha. Mtu akivaa gauni harusini Jumamosi, Jumapili picha zimeshaenea kwenye simu za ndugu, jamaa na mahasidi, na gauni limekwisha kabla halijafuliwa. Basi linaletwa kwenye kichumba chake chini ya ngazi, likatwe mikono, libadilishwe kola, litiwe rangi, lirudi mtaani geni. Mama Pindo haulizi. Upuuzi huo ndio uliomsomeshea watoto.

Yeye mwenyewe alikuwa na gauni moja tu la maana, la kijani, alilonunuliwa na marehemu mumewe mwaka aliofariki. Shughuli zote alilivaa hilo hilo, wala hakuona haya.

Wiki ya mahafali, bintiye kitindamimba alikuja akamzungukazunguka, akahamisha mkasi, akaurudisha.

"Mama, naomba usivae lile la kijani. Watu wameshaliona."

"Wameshaona gauni au wameshaniona mimi?"

"Mama nawe! Picha zote za harusi ya kaka umelivaa."

Pesa za kununua jingine hakuwa nazo, na kumwaibisha mwanawe siku ya mahafali yake hakutaka. Alikaa na lile la kijani mapajani, akalia kidogo, kisha akafanya anachokijua. Alikata mikono, akafumua kiuno, akalichemsha kwenye sufuria ya rangi hadi likawa buluu iliyokoza. Kazi ilimtoka vizuri mno. Kwenye mahafali Jumamosi wanawake walimuuliza kalinunua duka gani, na binti alirusha picha hata kabla hawajaketi: "Mama yangu mrembo." Sifa zikamiminika, na fundi akavimba kichwa, kusema kweli.

Jumatano binti akaja tena. Kesho yake ilikuwa siku ya kuzaliwa ya baba yake.

"Mama, niazime lile la kijani la baba. Nipige picha nimelivaa, niandike maneno mawili ya kumkumbuka."

Mama Pindo akasimamisha cherehani. "Ndilo nililovaa Jumamosi."

Binti akacheka, akidhani ni utani. Kisha akalitungua lile la buluu nyuma ya mlango, akaligeuza ndani nje. Kwenye mikunjo ya mshono, ambako rangi haikupenya, palikuwa na kijani. Akakaa chini nalo, akalia kama siku ya msiba.

"Si ungeniambia, mama!"

"Ningekwambia nini, mwanangu? Ulisema watu wameshaliona."