Miwani ya Mama Nzigire

Hebu mwone Mama Nzigire akiingia kwa mpiga picha wa mtaa wa West Side, kavaa miwani ya jua na theluji inaanguka. Anajificha. Binti yake anaolewa Kampala mwezi wa nane, na pasipoti inaisha mwezi wa kumi. Mpwa wake Jules amemwonya: "Tantine, kule wanaomba ikuwe na miezi sita mbele. Fanya mpya sasa, ndege isikuache."

Lakini hapa Buffalo, Marekani, ukijulikana tu unasafiri, kanisa zima linakuletea vifurushi vya kuwapelekea ndugu zao. Safari iliyopita nguo zake mwenyewe zilibaki nyumbani. Safari hii sanduku ni la gauni la bibi harusi.

Hajakaa vizuri kitini, mlango ukafunguka. Mama Zihindula, kiongozi wa kwaya!

"Eh, mama! Picha ya nini?"

"Ya kazi, dada. Kiwanda kinaomba."

"Bon. Toa basi miwani." Mama Zihindula akacheka, maana habari ya harusi ya Kampala alishaisikia, kisha akamnong'oneza: "Mama yangu iko Kampala. Viatu pea moja tu. Nikinyamaza, utamupelekea?"

Nje, basi lilikuwa linashusha wanakwaya wengine. Wewe ungemjibu nini?