Redio Isiyotaja Ukoo Wake

Miezi minne! Miezi minne mizima Maduhu anangoja redio moja tu ijitaje jina, na miezi minne dunia nzima imekula kiapo kwamba hatalisikia.

Maduhu ni fundi wa mashine ya kukoboa mpunga pale Kagongwa. Mwaka huu alijinunulia mnadani redio ya betri inayokamata masafa mafupi, akaifungia waya mrefu kutoka kwenye bati la mashine hadi kwenye mwarobaini. Charles, fundi redio wa Shinyanga mjini, ndiye aliyemfundisha mchezo wenyewe: unanasa kituo cha mbali, unaandika masafa, saa na ulichosikia, unawapelekea barua. Wakiridhika, wanakutumia kadi ya kuthibitisha kwamba kweli uliwasikia. Kadi yenye picha! Yenye muhuri! Maduhu akapigilia msumari sebuleni siku hiyohiyo. Mpaka leo mkewe, Eufrasia, anatundikia msumari huo chujio la chai.

Maana kituo chenyewe, kile kinachosikika vizuri kuliko vyote, hakitaji jina ovyo. Kinazungumza lugha asiyoijua, kinapiga filimbi karibu na saa kumi na mbili jioni, kinajitaja, kinafunga. Mara moja tu! Na kila ikifika dakika hiyo, ama mota ya mashine inaijaza redio mikwaruzo, ama jirani anachomelea geti, ama mteja anakuja kuulizia pumba zake. Siku moja alichoka, akakisia jina, akatuma barua. Jibu lilirudi kwa adabu: saa hiyo sisi hatukuwa hewani.

Charles alicheka mpaka akakaa chini. "Maduhu, wewe Msukuma wa wapi? Mtu hujamuuliza *ng'wa nani*, ushampa ukoo?" Kwao ndivyo salamu zinavyokwenda. Ukiulizwa *ng'wa nani*, unataja wewe ni mtoto wa nani, ndipo maongezi yaendelee.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, na Charles alishamwonya: kesho vituo vinabadili masafa, hicho chako ukikikosa leo, basi tena, kakitafute upya.

Saa kumi na moja na nusu Maduhu alikuwa juu ya rundo la pumba nyuma ya mashine, redio magotini, kalamu sikioni, hasira kooni. Ndani mota ilikuwa inanguruma.

"Jamani, zimeni dakika kumi tu!"

"Tuzime na mpunga wa watu?" alijibu Samwel, mwenzake wa zamu. "Hiyo kadi yako inapikwa ubwabwa?"

Wateja wakaangua kicheko. Maduhu akasonya.

Halafu, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, umeme ukakatika. Kagongwa nzima ikaguna. Maduhu peke yake akainua mikono juu na kumshukuru Mungu. Mota kimya, jirani wa mageti kimya, redio safi kabisa, kama mtu aliyekaa naye mkeka mmoja. Filimbi ikaanza. Akashika kalamu.

"Hodi hapo!"

Mama mkwe! Ametoka Isaka bila taarifa, kitenge begani, kuku mkononi. Na mama mkwe hasalimiwi juu juu. Unateremka, unachuchumaa, unatazama chini, na hakuna kingine kinachoruhusiwa kupiga domo wakati mnasalimiana. Maduhu alimtazama mkwe, akaitazama redio. Filimbi ilikuwa imekwisha. Mtangazaji akafungua mdomo, neno la kwanza likatoka, na mkono wa Maduhu ukafanya kile ulicholelewa kufanya. Ukazima.

"Mwadila, mayu," alimwamkia mama kwa Kisukuma, meno yameumana.

"Mwadila, baba. Mhola?"

"Mhola duhu."

Ng'ombe je? Watoto je? Yule mdogo wao, Limi, ameshapona kikohozi? Mvua huku imeonekana? Kila kitu kiliulizwa, na kila kitu Maduhu alikijibu akiwa amechuchumaa, jasho la hasira likimtiririka mgongoni. Salamu zilipokwisha aliirukia redio, akaiwasha. Ilikuwa inakwaruza tu. Walishafunga.

Mama mkwe akamkabidhi kuku. "Nilisikia una mgeni hapa, anaongea. Ng'wa nani?"

"Sijui, mayu. Miezi minne namngoja ajitaje. Leo ndiyo alikuwa anaanza. Nimemzima ili nikusalimie wewe."

Mama mkwe alimkazia macho usoni kabisa, ukwe akauweka pembeni.

"Umemkatiza mtu anataja ukoo wake? Aa, baba! Mimi ningengoja."